Kufundisha Walimu Midia ya Kidijitali: Anza na Mada Inayowashinda Wanafunzi

Semina nyingi za TEHAMA kwa walimu zinafanana. Mwezeshaji anaonyesha kitufe cha kuwasha, anataja sehemu za kompyuta, na jua linazama watu wakiwa bado wanafungua na kufunga faili. Walimu wanasaini posho, wanapiga picha ya pamoja, wanaondoka. Jumatatu mwalimu wa Sayansi anauchora moyo ubaoni kama alivyouchora mwaka jana na mwaka juzi, na kishikwambi kimelala kabatini kwa Mwalimu Mkuu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha walimu wenzake: mwalimu wa taaluma, mwezeshaji wa kituo cha walimu, au Afisa Elimu Kata mwenye shule tano na projekta moja. Nimeuandika nikiifikiria Tanzania. Huku mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, umeshaweka utaratibu wa walimu kukutana katika jumuiya za ujifunzaji, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Kwa hiyo mahali pengi kifaa kipo na kikao kipo. Kinachopungua ni sababu ya mwalimu kukitoa kifaa kabatini siku ambayo hakuna mgeni wa kukaguliwa naye, na sababu nzuri kuliko zote ni ile mada ambayo kila mwaka anaifundisha na kila mwaka darasa linaishindwa. Mafunzo yote yajengwe juu ya mada hiyo.

Aliye Kenya atabadilisha majina tu. Badala ya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ataingia Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, na kazi inabaki ileile.

Hatua ya 1: Kusanya mada ngumu

Wiki mbili kabla ya kukutana, usisambaze dodoso la kuuliza nani anajua kompyuta kiasi gani. Mtu mzima hapendi kujaza fomu ya kukiri asichokijua, na wengine watajipa alama za juu wasije wakaonekana washamba. Uliza swali moja: ni mada gani uliyofundisha mwaka huu ambayo moyoni unajua darasa halikuielewa? Waombe wapitie kwanza madaftari na jaribio la mwisho, maana kumbukumbu zetu huwa zinatupendelea.

Majibu yatakuja kwa makundi. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama nusu na theluthi. Mzunguko wa damu. Sakiti za umeme. Kwa nini kuna usiku na mchana. Kusoma ramani. Kusikiliza na kutamka Kiingereza. Sasa kaa na orodha hiyo na ujiulize kila mada ni ngumu kwa namna gani, kwa sababu namna ya ugumu ndiyo inayochagua midia.

Kama tatizo ni kwamba kitu hakionekani, kiko ndani ya mwili, ni kidogo mno au kiko mbali mno, unahitaji video fupi au jaribio la kuigiza kwenye kompyuta. Kama tatizo ni sikio, unahitaji sauti iliyorekodiwa, na hapo simu ya kawaida inatosha. Kama jambo hutokea polepole, mbegu kuota, kivuli kuhama, mto kujaa na kukauka, unahitaji mfululizo wa picha zilizopigwa mahali pamoja kwa siku tofauti. Kama mwanafunzi ameelewa ila hajafanya mazoezi ya kutosha, unahitaji programu ya maswali inayosahihisha papo hapo.

Halafu kuna mada ambazo hazihitaji umeme wowote. Mwalimu akileta mada ya sehemu za mmea, mpe jembe na umpeleke bustanini. Mwezeshaji asiyeweza kusema "hii usitumie kishikwambi" hataaminiwa atakaposema "hii tumia".

Hatua ya 2: Nenda shuleni ukakague kwa macho yako

Usitegemee ripoti ya vifaa. Ingia darasani mchana wa saa sita, jua likiwa kali, uone kama projekta itaonekana ukutani. Mara nyingi haionekani. Vitenge viwili vizito dirishani vinasaidia kidogo, ila kama bado hamjanunua kitu, nashauri runinga ya LED badala ya projekta. Inaonekana mchana, haina taa ya kuungua, na inakula umeme kidogo.

Jambo la umeme lihesabiwe kwa kalamu. Projekta ya kawaida hula wati 200 hadi 300. Runinga ya LED ya inchi 32 hula takribani wati 50, kompyuta mpakato nayo karibu hivyo, kishikwambi kinachochajiwa hakifiki wati 15. Chukua shule yenye sola na betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Kwa maandishi betri hiyo ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka iishi usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo una kama 600. Projekta ya wati 250 na kompyuta yake zitaimaliza kwa saa mbili. Runinga na kishikwambi zitakwenda karibu siku nzima ya masomo. Toa kidogo kwa kinachopotea kwenye inveta. Hesabu hii ifanye mbele ya Mwalimu Mkuu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini betri imekufa, au kwa nini LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha katikati ya mwezi.

Upande wa mtandao, video ya dakika tatu kwa ubora wa chini ni kama MB 10 hadi 15. Walimu 20 wakiifungua kila mmoja kwa bando lake, mmetumia hadi MB 300 kutazama kitu kimoja. Ikipakuliwa mara moja kisha ikahamishwa kwa Bluetooth, Quick Share au kadi ya kumbukumbu, mmetumia 15. Mafunzo yanayotegemea mtandao wa siku hiyohiyo ni ya kubahatisha, hata mjini.

Hesabu pia wanafunzi. Runinga ya inchi 32 haiwezi kuhudumia watoto 90 kwa pamoja, walio nyuma wataona mwanga tu. Kwa darasa la namna hiyo panga vituo: kundi moja kwenye skrini, la pili kwenye kitabu cha kiada, la tatu kwenye vitu halisi, la nne linaandika, na kila baada ya dakika kumi wanahama. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kwa mizunguko minne kama kengele ni ya kweli. Ndiyo maana vishikwambi vinne vinavyofanya kazi ni utajiri. Havitoshi pale tu mwalimu anapofikiri kila mtoto lazima ashike chake kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Andaa maktaba inayofanya kazi bila intaneti

Kazi hii uifanye wewe kabla walimu hawajafika. Yako mambo manne yanayofaa kuwekwa, na yote ni ya bure.

La kwanza ni Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa mahususi kwa shule zisizo na mtandao. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unapakua masomo na mazoezi ukiwa mahali penye intaneti, kisha ukifika shuleni vifaa vingine vinaunganishwa kwenye kompyuta hiyo kupitia rauta au hotispoti ya simu na kuyasoma kwenye kivinjari. Bando halihitajiki. Kumbuka tu kwamba hotispoti za simu nyingi huhudumia vifaa kama 8 hadi 10. Zaidi ya hapo tafuta rauta, hata ya zamani, haina haja ya kuwa na laini.

La pili ni majaribio ya kuigiza ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Yanafunguka kwenye kivinjari, mengi yanaweza kupakuliwa yakatumika bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hisabati na fizikia sijaona cha kuyazidi. La tatu ni Kiwix, ambayo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye simu. La nne ni hadithi za African Storybook, ambazo ziko kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika na zinafaa sana madarasa ya chini. Ongeza na vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya TET ili mwalimu asiseme midia yako haiendani na muhtasari.

Usijaze. Mwalimu akifungua folda yenye video 400 hafungui hata moja. Kwa kila mada ngumu iliyoletwa weka vitu viwili au vitatu ambavyo umevitazama mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na uvipe majina yanayosomeka: darasa, somo, mada, dakika. "Sayansi-6-moyo-dakika3" inapatikana. "VID_20230417" haipatikani kamwe.

Na uhamishaji ufanywe kwa flashi mpya au kadi yako. Flashi iliyopita steshenari ina kila kirusi cha wilaya.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, fundisha mada moja mpaka mwisho

Hapa ndipo mafunzo hushinda au hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usianze na hotuba ya karne ya 21. Waambie walimu: kwa saa moja ijayo ninyi ni darasa la sita, mimi ni mwalimu wenu, na tunajifunza sakiti ya umeme. Gawa karatasi. Kila mmoja achore jinsi ya kuwasha balbu moja ya tochi kwa betri moja na waya mmoja. Wengi wa watu wazima, wakiwemo wenye shahada, huchora waya kutoka betri hadi kitako cha balbu na kuishia hapo. Hawajafunga mzunguko. Usicheke, wala usisahihishe. Kusanya michoro mitatu tofauti, ipige picha kwa simu, iweke kwenye skrini bila majina, na uwaulize: ipi itawaka? Wapige kura kwa mikono.

Dakika hizo kumi zimeshawaonyesha matumizi ya kwanza ya midia ya kidijitali: kuweka fikra za darasa mahali ambapo kila mtu anaziona. Hawajaambiwa, wameiona.

Sasa fungua jaribio la PhET la sakiti za mkondo mnyoofu. Jenga mchoro wa kwanza uliopigiwa kura. Haiwaki. Jenga wa pili. Ukifika kwenye mzunguko uliofungwa, balbu inawaka na elektroni zinaonekana zikitembea ndani ya waya. Simama. Uliza: elektroni zimeanzia wapi kutembea, kwenye betri au zote kwa pamoja? Acha wabishane, kelele hiyo ndiyo somo lenyewe. Kisha zima skrini, toa betri halisi, waya na balbu, kila kundi liwashe. Betri nyingine zitakuwa zimekufa, waya mwingine umelegea, na hayo skrini haikuwafundisha.

Baada ya hapo vueni vazi la uanafunzi na mjadili kama walimu. Skrini ilionyesha nini ambacho betri halisi isingeonyesha? Betri ilifundisha nini ambacho skrini ilificha? Kama umeme ungekatika dakika ya kumi na tano, kipindi kingekufa au kingeendelea? Mwalimu anayeweza kujibu maswali hayo matatu kuhusu mada yake ameshapata zaidi ya nusu ya mafunzo.

Video ina kanuni zake, na wafundishe kwa vitendo. Swali linaulizwa kabla ya kubonyeza kitufe, ili macho yajue yanatafuta nini. Video haipiti dakika mbili bila kusimamishwa. Na mara ya kwanza ichezwe bila sauti, mwalimu akieleza kwa maneno yake. Kanuni hii ya mwisho walimu huishangaa, lakini video nyingi nzuri za sayansi zina Kiingereza cha haraka cha Marekani, na mtoto anayehangaika na lafudhi haoni vali ya moyo ikifunga. Mwalimu wake anajua lugha anayoielewa. Sauti ya asili inaweza kuja mara ya pili, kwa wale wa sekondari.

Kabla hamjaunganisha simu ya mtu yeyote kwenye skrini, wekeni hali ya Usisumbue. La sivyo ujumbe wa kikoba wa kudai hisa utatokea ukutani mbele ya watoto 80, na hautasahaulika mpaka wamalize darasa la saba.

Mchana wa siku hiyo, kila mwalimu akae na mada yake na andalio lake la somo. Aandike ni dakika ya ngapi kifaa kinatoka, ni ya ngapi kinarudi, na katikati hapo mwanafunzi anafanya nini kwa mikono au kwa mdomo. Kama safu ya mwanafunzi imeandikwa "anatazama" peke yake, andalio lirudiwe.

*Kuhusu kupanga wawili wawili*

Ni kawaida kumweka mwalimu kijana na mwalimu mkongwe. Wazo ni zuri, ila lina mtego wake. Kijana atasema kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu, samahani, naomba nikusaidie," naye mama wa watu atajibu, "Marahaba mwanangu, wewe bonyeza tu, mimi naangalia." Hapo heshima imefanya kazi yake na mafunzo yamekufa. Weka sheria ya mapema, uitangaze kwa wote ili isimlenge mtu: mwenye kasi haruhusiwi kugusa kifaa, anaelekeza kwa maneno tu. Kisha mpe mkongwe kazi ambayo kijana haiwezi, yaani kutaja makosa matatu ambayo watoto hufanya kila mwaka kwenye mada hiyo. Hayo makosa ndiyo yatakayoamua video isimame wapi. Aliyefundisha miaka ishirini anayajua kwa kichwa. Anayejua programu zote na ana mwaka mmoja kazini hayajui.

Hatua ya 5: Watengeneze vya kwao

Siku ya pili waache kutafuta, waanze kutengeneza. Anza na sauti, kwa sababu ni rahisi na walimu huidharau. Dakika moja ya sauti ya ubora wa kutosha haizidi nusu MB. Mwalimu mwenye matamshi mazuri ya Kiingereza anaweza kurekodi mazungumzo ya dakika mbili yakatumika kata nzima. Mwalimu wa Kiswahili anarekodi shairi likighanwa kwa mahadhi yake, jambo ambalo kitabu hakiwezi. Mwalimu wa Historia anamwendea mzee wa kijiji, anamwomba ruhusa, anarekodi maelezo ya jinsi soko au shule ilivyoanza, na kesho yake darasa linasikiliza sauti wanayoifahamu. Simu iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, chumba kiwe na vitu laini au mkae chini ya mti, na msirekodi chini ya bati wakati wa mvua.

Picha ndizo zinazofuata. Panda maharage kwenye chupa iliyokatwa, iweke mahali pamoja, piga picha saa ileile kila siku kwa wiki mbili, upande uleule. Jambo jingine ambalo walimu hulipenda wakilijaribu: kupiga picha ukurasa wa daftari wenye kosa zuri, jina likiwa limefunikwa, na kuliweka kwenye skrini ili darasa zima litafute pale hesabu ilipopotea.

Video ije mwisho, na isizidi dakika mbili. Simu ilazwe kwa upana, iegemezwe kwenye rundo la vitabu ikitazama meza, na zionekane mikono tu: mikono inayokunja karatasi kuwa sehemu, mikono inayochuja maji. Mwalimu asiyependa kuonekana usoni atakubali kurekodiwa mikono, na video hugeuka kuwa bora zaidi kwa sababu jicho la mtoto linakwenda kwenye kazi.

Zana za akili bandia zitaulizwa, kwa hiyo usiziruke. Zinafaa kumpunguzia mwalimu kazi ya kutunga maswali ya ziada au kurahisisha aya ngumu. Fanyeni zoezi moja: kila mmoja aombe maswali kumi ya mada yake, kisha atafute yenye makosa. Yatapatikana, hasa kwenye Kiswahili sanifu na mambo ya hapa kwetu, na walimu watajifunza wenyewe kwamba jibu lililoandikwa kwa kujiamini bado linahitaji kusahihishwa.

Hatua ya 6: Fundishaneni kabla ya kwenda darasani

Kila mwalimu apate dakika 15 za kufundisha mada yake mbele ya wenzake. Mpe mtu mmoja saa na kazi moja ya kimya: kupima ni dakika ngapi wanafunzi walifanya kitu, na ni ngapi walikuwa wakitazama tu. Usimwombe atoe maoni, asome namba zake. Aliyefundisha aongee kwanza kuhusu kipindi chake, wengine baadaye.

Na katikati ya vipindi viwili au vitatu, bila kutangaza, zima umeme. Mwalimu aliyejiandaa ataendelea na mchoro ubaoni au vitu vya mezani bila kuomba samahani. Asiyejiandaa atasimama, na ni afadhali asimame hapa kuliko mbele ya Mthibiti Ubora wa Shule.

Hatua ya 7: Wiki sita za kufuatilia, na suala la funguo

Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba maelezo, maonyesho na mazoezi ya semina, hata yakiwa mazuri, huwa hayafiki darasani kwa walimu wengi mpaka pawe na mwenzake wa kumsindikiza mwalimu kazini. Kwa hiyo kama bajeti ni ya siku tano, usizitumie zote ukumbini. Tumia mbili ukumbini na tatu kwa nauli ya kuwatembelea.

Kabla hujawatembelea, maliza suala la kabati. Nikiulizwa kwa nini vishikwambi havitumiki, nitataja hofu kabla ya ujuzi: kioo kikipasuka, nani atalipa? Mwalimu Mkuu amesaini kwamba vifaa viko mikononi mwake. Mwalimu wa kawaida hataki kukatwa mshahara kwa ajili ya kipindi kimoja cha Jiografia. Kila mmoja ana haki ya kuogopa, na matokeo yake ni kufuli. Itisheni kikao kifupi cha Mwalimu Mkuu, walimu na kamati ya shule, muandike karatasi moja: kifaa kinatolewa kwa daftari la kusaini, kinarudi siku hiyohiyo, uharibifu wa bahati mbaya darasani unashughulikiwa na shule kwa utaratibu uliokubaliwa, na uzembe unabebwa na mhusika. Funguo ziwe za watu wawili, maana Mwalimu Mkuu akiitwa halmashauri siku tatu, midia ya kidijitali inakwenda naye. Nunueni na makava, yanagharimu kidogo kuliko kikao cha pili.

Kwenye ziara, kaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, kisha zungumza na mwalimu dakika kumi peke yenu. Msiguse orodha ndefu ya ukaguzi. Jambo moja lililokwenda vizuri, jambo moja la kubadilisha wiki ijayo, basi. Walimu wa shule moja nao watembeleane, hata kwa nusu kipindi.

Kundi la WhatsApp litasaidia kama lina sheria. Kila mwalimu, mara moja kwa wiki, atume sauti isiyozidi dakika moja yenye mambo matatu: mada, alichotumia, kilichotokea. Picha za "asubuhi njema" zenye maua na chai zipelekwe kwenye makundi ya ukoo, maana zinakula bando la watu waliojinyima kununua.

Ruhusa, watoto na haki za kazi za watu

Picha na sauti za wanafunzi zisitoke nje ya shule bila ridhaa ya mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na kuweka sura ya mtoto kwenye hali (status) ya WhatsApp ya mwalimu ni kuisambaza, hata kama nia ni kumpongeza. Karatasi ya ridhaa igawiwe kwenye kikao cha wazazi mwanzoni mwa mwaka, iseme wazi picha zitatumika wapi.

Video za YouTube zitazamwe zote na mwalimu kwanza, na zichezwe kutoka kwenye faili iliyowekwa kihalali badala ya mtandao wa moja kwa moja, kwa sababu matangazo hayachagui umri. Penye alama ya Creative Commons, yaani leseni ya mwenye kazi kuruhusu wengine waitumie, mwalimu anaweza kunakili na kugawa kwa masharti yaliyoandikwa, ambayo kwa kawaida huanza na kumtaja mwenye kazi.

Kupima kama kuna kilichobadilika

Idadi ya walimu waliohudhuria ni takwimu ya kuombea fedha. Wewe unayo orodha ya mada ngumu kutoka hatua ya kwanza, na unayo makosa ya wanafunzi. Wiki ya sita, kila mwalimu atoe maswali yaleyale matano yaliyowashinda wanafunzi wa mwaka jana, asahihishe, na alete madaftari kumi kwenye kikao cha jumuiya ya ujifunzaji. Angalieni makosa, siyo alama pekee. Kama zamani watoto walijumlisha asili kwa asili na sasa wanatafuta asili ya pamoja ila wanakosea kuzidisha, kuna hatua imepigwa ingawa alama haijapanda sana.

Kikao hicho kifanye na kazi ya usafi. Faili ambayo hakuna aliyeitumia kwa wiki sita ifutwe kwenye maktaba, na rekodi za walimu wenyewe zilizofanya kazi zihamishiwe kwenye kompyuta ya kata ili shule nyingine zizipate. Mada ambazo bado zimegoma zirudi kwenye orodha ya muhula ujao, kila moja na jina la mwalimu atakayeijaribu kwa njia nyingine, ikiwemo ya ubao na chaki.